Maiti ni ya Nani?

Mtu ni wa nafsi yake, wa jamaa zake, au wa serikali? Kila taifa lina jibu lake, na mara nyingi jibu hilo halisikiki mpaka afe mtu.

Silvano Melea Otieno, wakili mashuhuri wa Nairobi, alifariki dunia tarehe 20 Desemba 1986. Yeye alikuwa Mjaluo. Mkewe, Wambui, Mkikuyu. Walioana mwaka 1963 kwa ndoa ya serikali. Mjane alitaka kumzika mumewe katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ndugu wa marehemu na ukoo wa Umira Kager walikataa: Mjaluo huzikwa kwao, nako ni Nyalgunga, Siaya. Shauri likaenda mahakamani, na maiti ikangoja siku 154.

Upande wa ukoo walisimama mashahidi wa kila namna, mchimba kaburi na hata Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Upande wa mjane ulidai kuwa mtu aliyesoma, akaishi mjini na kuoa kwa sheria ya serikali, amekwisha kuiacha mila. Tarehe 15 Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikakata kuwa sivyo: mila za kabila si vazi la kuvuliwa kwa hiari.

La ajabu si kwamba ukoo ulidai. Ukoo hudai daima. La ajabu ni kwamba serikali, iliyowaoanisha wawili hao kwa cheti chake, ndiyo iliyomkabidhi ukoo mume. Huko Uswidi, tangu mwaka 1971, mume na mke hutozwa kodi ya mapato kila mmoja peke yake, kana kwamba serikali haioni nyumba ila watu wawili. China nayo, tangu Julai 2013, huwaamuru kwa sheria watoto wakaao mbali wawatembelee wazee wao mara kwa mara. Huruma imekuwa kifungu cha sheria. Mswidi angeistaajabia amri hiyo, na huenda mzee wa Siaya naye akaistaajabia, kwa sababu nyingine kabisa: ni ukoo gani huo unaohitaji polisi?

Lakini ukoo wa Umira Kager nao ulihitaji mahakama. Otieno alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Mjane wake hakuhudhuria.