Mteremko Ndio Uliochagua

Kazi yangu ya kwanza katika upimaji ardhi ilikuwa kushika ncha ya tepu. Mzee aliyenifundisha, hapa hapa Nyaramba, alinisimamisha katikati ya michai kwenye mteremko, akaniambia, "Kijana, inua mkono mpaka tepu ilale sawa kama maji kwenye karai. Ramani haipandi mlima." Ukiilaza tepu juu ya udongo wenye mwinamo wa digrii 25, mita 50 unazosoma ni mita 45 tu kwenye ramani. Mita 5 hizo zimewagombanisha ndugu wengi huku kwetu Gusii.

Somo hilo lilinirudia miaka mingi baadaye, droni yangu ilipozeeka.

Nilikuwa na Phantom 4 Pro, modeli iliyotoka mwaka 2016. Niliinunua ikiwa imeshatumika, baada ya kanuni za droni za mwaka 2020 kutufungulia njia ya kuomba leseni kwa KCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Ilinitumikia kwa uaminifu. Nikiirusha mita 100 juu ya ardhi, chini ya kikomo cha futi 400 tulichowekewa, kila pikseli ilibeba karibu sentimita 2.7 za shamba. Ua wa michongoma ulionekana wazi, na njia ya ng'ombe pia.

Kisha betri zikaanza kuvimba. Asubuhi moja nilitoa betri kwenye begi nikakuta ubavu umetuna kama andazi, haiingii tena mahali pake. Nyingine ilionyesha asilimia 40, na kabla sijavuta pumzi ikadai kutua. Phantom zilikuwa zimeacha kutengenezwa, na betri mpya madukani zilikuwa zimekaa rafuni miaka. Chini ya droni yangu kulikuwa na akina mama wanaochuma chai na watoto wanaotoka shule. Niliiweka chini.

Kuchagua nyingine kulinichukua miezi. Vijana walinishauri ninunue ndogo, ile isiyofika gramu 250, bei nafuu, picha za kupendeza. Lakini picha ya harusi na picha ya kupimia shamba hazifanani. Droni nyingi za bei hiyo hazina shata ya mitambo. Bila shata hiyo, kamera husoma picha mstari baada ya mstari. Ikiwa usomaji huo unachukua sehemu moja ya 30 ya sekunde, na droni inakwenda mita 6 kwa sekunde, basi mstari wa mwisho umepigwa sentimita 20 mbele ya ule wa kwanza. Zipo programu za kusawazisha kosa hilo, lakini mimi nilitaka kosa lisiwepo tangu mwanzo. Mahali ambapo shamba zima ni robo ekari, sentimita 20 si kitu kidogo.

Jambo la pili lilikuwa mlima wenyewe. Phantom yangu ilishika kimo kilekile juu ya pale ilipoanzia kuruka. Picha moja ya mita 100 juu hufunika ardhi ya mita 150 kwa 100, kwa hiyo nilipanga mistari ya kuruka ipishane kwa mita 45, picha zifunikane kwa asilimia 70. Lakini nikirushia bondeni, na kilima kikapanda mita 60, droni hubaki mita 40 tu juu ya kilele. Huko picha imesinyaa hadi upana wa mita 60, na kufunikana kumeshuka hadi asilimia 25. Ramani inatoka na matundu palepale penye ugomvi.

Wazee wetu waliwahi kupata hasara ya namna hiyo. Ardhi ilipokuwa ikisajiliwa katika nyanda za juu za Kenya miaka ya 1960, sehemu nyingi mipaka ilichorwa kwa kufuatisha ua kwenye picha za ndege zilizokuzwa, bila kusahihishwa kwa ajili ya milima. Kilele kilichokuwa karibu na kamera kilitoka kikubwa, bonde likatoka dogo. Sikutaka kurudia kosa hilo kwa kifaa kipya.

Basi nikachukua mkopo wa chama na kununua Mavic 3 Enterprise, iliyotoka mwaka 2022: shata ya mitambo, kipokezi cha RTK cha kupachika, cha kusahihisha vipimo vya mahali, na uwezo wa kupanda na kushuka ikifuata ardhi.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwa mama mmoja mjane aliyetaka wanawe wawili wagawiwe shamba kwa haki. Nilitandaza magunia meupe ya mbolea, nikayabana kwa mawe na kupima katikati ya kila moja ili iwe alama ya kuonekana kutoka angani. Mama aliuliza, "Mwanangu, hicho kinaona chini ya migomba?"

"Hapana, mama. Kinaona majani tu. Chini ya migomba tutapima kwa miguu."

Ramani ilipotoka, mdogo mtu alikunja uso. Alikuwa amepima kipande chake mwenyewe kwa kamba, mita 50 kama cha kaka yake kule juu penye tambarare. Ramani ilimpa 45. "Mita zangu 5 ameenda nazo nani?"

Nilimkumbusha kwamba mpaka ukiwa na ubishi, mwamuzi ni Msajili wa Ardhi, na ramani ya kupeleka kwake itatiwa sahihi na mpima mwenye leseni ambaye mimi humsaidia. Halafu nikachukua tepu. Nilimpa ncha moja, nikashuka hatua chache, nikamwambia ainamishe mkono mpaka udongoni huku nikiinua wangu juu ya kichwa. Tukashuka hivyo, kipande kwa kipande, hadi kwenye michongoma ya chini. Alihesabu mwenyewe kwa sauti.

Ikafika 45.