Uzani Wangu Mwenyewe

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa miaka mingi niliitumia methali hii kuwaonya wengine, nisijue kwamba siku moja ingenigeukia mimi.

Siku hiyo mamangu aliteleza chooni akaanguka. Alhamdulillahi, hakuvunjika. Lakini alipotaka kuinuka hakuweza, nami niliye mwanamume wa nyumba niliinama, nikamshika makwapani, nikavuta, nikashindwa. Mamangu ana kilo 60. Mimi nilikuwa na kilo 80, nyingi zikiwa za kitambi. Ikabidi kitindamimba wetu atumwe barazani kuwaita vijana wawili. Walikuja kwa adabu, wakamwinua kwa upole, wakaenda zao. Mamangu alijifunika uso kwa leso mpaka walipotoka. Kujifunika kule ndiko kulikoninyima usingizi.

Marehemu babangu alikuwa hamali katika bandari ya kale hapa Mombasa. Alikuwa mtu mwembamba, hata kilo 65 hakufika, lakini gunia la kilo 90 lilipanda mgongoni mwake na kushuka bila makeke. Utotoni nilidhani nguvu zile ni za ukoo, nami nitazirithi kama nilivyorithi jina. Kumbe nguvu hazirithiwi, huchumwa kila siku. Babangu alizichuma kwa magunia; mimi, kwa zaidi ya miaka 20, nimekaa kitini nikiandika hesabu za watu.

Basi nikaenda katika ukumbi wa mazoezi ulio karibu na kwetu, nikamweleza mkufunzi yaliyonisibu. Hakunicheka. Alinionyesha zoezi moja ambalo wenyewe huliita dedilifti. Mtaimbo umelala sakafuni, una vyuma vya mviringo huku na huku. Unaushika, unasimama nao wima, kisha unaurudisha chini. Hakuna kuurusha wala kuupandisha kichwani. Siri yake imo katika mwili: nyayo ziwe chini ya mtaimbo, uiname kwa nyonga wala si kwa kiuno, mgongo unyooke kama ubao, mzigo ukwee karibu na miguu, nayo miguu iisukume ardhi. Nikatambua mara moja kosa langu la siku ile. Nilimvuta mamangu kwa mikono na mgongo uliopinda, miguu ikitazama tu.

Nilimwuliza mtu kama mimi anyanyue kilo ngapi. Akanijibu kwamba hesabu haianzi kwa kilo, huanza kwa mtu. Ukinyanyua uzani wako mara moja, umeweka msingi. Ukifika mara moja na nusu, shughuli nyingi za maisha hazitakushinda. Mara mbili ni matunda ya bidii ya muda mrefu. Kisha akanipa mifano miwili. Mwaka 2020, Hafþór Björnsson wa Iceland alinyanyua kilo 501, naye ni jitu la kilo 200 hivi. Hiyo ni kama mara mbili na nusu ya uzani wake. Lakini mwaka 1985 Mmarekani Lamar Gant, mwenye kilo 60 tu na uti wa mgongo uliopinda, alinyanyua kilo 300, yaani mara tano ya mwili wake. Hapo nikamkumbuka babangu na gunia lake.

Nilianza na kilo 40, nikiongeza kilo mbili na nusu kila wiki. Baada ya miezi minne nikasimama na kilo 80 mikononi, uzani wangu mwenyewe, nikashusha pumzi kama mtu aliyelipa deni. Laiti ningeshukuru na kutulia! Nilinunua vyuma vikuukuu nikaviweka uani, nikaendelea hadi 120, halafu tamaa ikaniingia. Nikataka mara mbili, nipate la kusimulia barazani. Sikungoja wiki zitimie, niliruka hatua. Nilipojaribu kilo 140 mgongo ukapinda, kitu kikakata kiunoni, nikalala mkekani wiki tatu.

Katika wiki hizo mamangu akaanguka tena, safari hii chumbani. Nilisikia kishindo nami siwezi hata kuketi. Walioingia ni mke wangu na binti yetu wa miaka 17, ambaye kwa muda alikuwa akifanya mazoezi pamoja nami uani. Yeye ana kilo 50, naye hunyanyua 65. Hawakukimbilia kuvuta. Kwanza walimwuliza nyanya yake anaumwa wapi, wakamtazama miguu na nyonga, wakamwacha apumue. Maana mzee aliyevunjika ukimwinua kwa pupa humzidishia madhara. Walipoona yu salama, mamake akasogeza kiti. Binti akainama kwa nyonga, mgongo ubao, akamkumbatia nyanya yake kifuani, kwani mwili wa mtu si mtaimbo: hauna mahali pa kushika, na uzito wake huhamahama. Akasimama naye taratibu, mamake akimwegemeza kwa upande, wakamketisha.

Kupitia mlangoni nilimwona mamangu akiitengeneza leso yake kichwani. Uso wake ulikuwa wazi, akiwauliza kama chai imebaki.

Ndugu msomaji, mgongo wangu umepona, nami nimerudi kwenye kilo 80. Nikipanda tena nitapanda kwa ngazi, na 120 itanitosha. Sina haja ya ya kusimulia barazani. Aliye na mzazi mzee nyumbani, namsihi aanze sasa, kwa uzito mdogo na chini ya jicho la anayejua, kwani nguvu haziji siku zinapohitajika. Wala asidhani kazi hii ni ya wanaume peke yao. Kwa hesabu ya mkufunzi wangu, mimi leo hunyanyua uzani wangu mara moja kamili, na binti yangu hunyanyua wake mara moja na zaidi. Amenishinda, na nyanya yake anajua.