Kitabu cha Ayubu Hakiishii Sura ya Kwanza

Vijana wenzangu, mtu akifiwa hapa mjini ataambiwa mambo mawili kabla turubai halijamaliza kufungwa. Ataambiwa kazi ya Mungu haina makosa, na atakumbushwa Ayubu, yule aliyesema kwamba aliyetoa ndiye aliyetwaa. Kisha ataambiwa anyamaze.

Mdogo wangu wa kike alifariki mwaka 2022 kwa ugonjwa wa selimundu. Alikuwa na miaka 16. Tulikuwa tumeomba, jamani. Mama alifunga, akakesha, akawekewa mikono. Siku ya mazishi mzee mmoja wa kanisa akamwambia mama afute machozi, eti mwenye imani halii kama wasio na tumaini. Mama ni mtu mtiifu. Akafuta. Ila alipoacha kulia akaacha na kuomba pia, maana kwake vitu hivyo viwili vilikaa pamoja. Kabla ya hapo alikuwa akiamka saa kumi alfajiri na kumwaga yote kwa sauti, hata majirani walikuwa wanajua ada yetu ya shule imebaki shilingi ngapi. Sasa kukawa kimya. Ule ukimya ulinitisha kuliko kilio.

Aliyekuja na neno tofauti alikuwa bibi jirani, Mwislamu. Alimsimulia mama habari za Nabii Yakubu, jinsi alivyomlilia Yusufu mpaka macho yakawa meupe, akasema huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu peke yake. "Na yule ni nabii, mwanangu," akasema. "Sembuse mimi na wewe?"

Mimi naandika riwaya (haijaisha, msiniulize), kwa hiyo nikamrudia Ayubu kama fundi anayeangalia kazi ya fundi mwenzake. Watoto kumi, saba wa kiume na watatu wa kike, wanakufa siku moja. Maneno yale ya misibani yako sura ya kwanza. Kitabu kina sura 42! Kufika sura ya tatu Ayubu huyo huyo anailaani siku aliyozaliwa, na baada ya hapo anamdai Mungu majibu kama mtu aliyeko mahakamani. Rafiki zake walikuwa wamekaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Kwa maoni yangu hapo ndipo walipomfaa. Walipofungua midomo wakaanza kumtetea Mungu, na mwisho wa kitabu ni wao waliokasirikiwa. Mungu anasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Na mlalamikaji ndiye anayetakiwa awaombee.

Nikaenda kwenye Zaburi. Zaburi nyingi za majonzi zinageuka njiani, zinaanza na kilio na kumalizia na sifa. Ya 88 haigeuki. Inaishia gizani, rafiki wameondoka, basi. Waliokusanya zile zaburi hawakuiongezea mstari wa kufariji. Lakini tazama inavyoanza: anamwita Mungu kuwa ni Mungu wa wokovu wake, halafu ndipo anamlalamikia. Hamsengenyi kwa majirani. Anamwambia usoni, mchana na usiku, kwa kuwa anaamini yupo na anasikia. Mimi kumtumaini Mungu ninakuelewa hivyo. Yule mzee alitaka mama yangu awe na adabu mbele za Mungu, lakini adabu ya namna ile nimeiona kwa watu wasiotegemea kujibiwa.

Jioni moja nikamsomea mama hiyo zaburi yote. Alikuwa anachambua mchele.

"Kisha?" akauliza.

"Imeishia hapo, mama."

Akaweka ungo chini. "Hebu soma tena."

Nikasoma tena. Hakusema kitu, akaendelea na mchele wake. Lakini saa kumi alfajiri nikamsikia. Hakuanza na shukrani kama zamani. Alimwuliza Mungu alikuwa wapi siku ile wodini, na hizo sare za shule azifanyeje, maana hata kumgawia mtu hawezi. Akalia, akauliza tena, akalia, mpaka muadhini akaadhini na jogoo wa jirani wakawika. Nadhani mtaa mzima ulisikia.