Fulana Thelathini

Fulana zilikuwa 30, nyeupe, pamba tupu. Kifuani msalaba na utepe mwekundu. Mgongoni, kwa herufi kubwa: TUWAHUDUMIE WAGONJWA WA UKIMWI. Ilikuwa Julai 2007. Tarehe 14 ya mwezi huo Rais Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima virusi hadharani pale Mnazi Mmoja, na jiji zima likawa halina habari nyingine. Sisi vijana wa kanisa letu, Temeke, tukasema hatutaishia kupima. Tutakwenda Mchinga, pwani ya Lindi, wiki nzima, tukauguze wagonjwa majumbani mwao.

Mkuu wa msafara alikuwa muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Lindi, tuliyezoea kumwita Mama Nesi. Kila Jumamosi alitufundisha ukumbini, mmoja wetu akilazwa juu ya mabenchi awe ndiye mgonjwa. Tulijifunza kumgeuza mtu kitandani asipate vidonda vya kulalia. Tulijifunza wakati wa kuvaa glavu na wakati wa kuziacha, kwa sababu kumshika mtu mkono hakumwambukizi yeyote, ila ukimshika kwa glavu umeshamtukana. Tulijifunza maji ya mwenye kuharisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Aliyezidisha chumvi aliyanywa mwenyewe mpaka tone la mwisho. Upande wa pili wa ukuta kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi. Kinanda kilihitaji jenereta, na jenereta ndiyo iliyokula fungu kubwa la bajeti yetu.

Katikati ya Agosti, wiki mbili kabla ya safari, Mama Nesi alinichukua tutangulie wawili. "Tunakwenda kupiga hodi," alisema. Alfajiri nilipanda basi Mbagala Rangi Tatu nimevaa fulana yangu. Alinitazama, akanyamaza.

Tulivuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Ng'ambo ya Ndundu lami ikaisha, na kilomita 60 mpaka Somanga tukazila kwa vumbi. Nilishuka Mchinga fulana ina rangi ya udongo, lakini maandishi yakisomeka vizuri tu.

Maji yalikuwa yametoka. Ngalawa zimelala ubavu kwenye tope la ghuba, na mbali kule wanawake wameinama, kila mmoja na kijiti chake, wakisaka pweza. Hapa ndipo kwao Wamachinga, watu ambao Dar es Salaam imechukua jina lao ikawabandika wachuuzi wote wa mjini.

Mwenyeji wetu alikuwa barazani akishona wavu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Alinisoma kifua taratibu, kisha akaniomba nigeuke asome mgongo. Nikageuka.

"Maandishi mazuri," alisema. "Sasa ukitoka hapa unakwenda nyumba ya nani?"

"Ya mgonjwa, babu."

"Basi hujakaa kitako, kijiji kizima kimeshajua. Kesho watoto wake watacheza na nani?"

Nilimtazama Mama Nesi anitetee. Alikuwa akitazama bahari. Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini hakunikataza: angeniambia Temeke, ningebishana naye.

Jioni ile babu alitupeleka kwa imamu. Ilikuwa Shaaban imeanza, na mfungo ulitarajiwa katikati ya Septemba. Akatushauri tuje tumalize kabla yake. Halafu akauliza swali moja: mnakuja kuuguza au mnakuja kubadili watu dini?

"Kuuguza, shehe," alijibu Mama Nesi. "Dini yetu ndiyo iliyotutuma, lakini mgonjwa hatumdai malipo."

"Basi karibuni. Na hilo la kumgeuza mgonjwa mtufundishe na sisi."

Usiku, nikiwa nimeazimwa shati la babu, tuliingia nyumba moja ya makuti. Mwanamke wa rika langu alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, shuka limemlemea kama blanketi. Hakuna aliyetaja ukimwi mle ndani. Walisema "ugonjwa huu". Chini ya kitanda mama yake alivuta kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwenye kipande cha kanga, akalifungua. Halikuwa na kidonge. Dawa za kurefusha maisha zilikwishaanza kutolewa bure nchini tangu mwaka 2004, lakini kliniki ilikuwa Lindi mjini, na binti yake alikuwa hajaenda miezi miwili.

"Dawa bure, mwanangu," bibi yule aliniambia. "Gari si bure."

Mama Nesi alimwinamia mgonjwa, akamuuliza tukirudi tumletee nini. Nilitegemea atataja maombi, labda nyimbo. Alisema: "Sabuni. Na mtu wa kufua mashuka, mama apumzike."

Temeke tuliporudi ukumbi uliwaka moto. Wanakwaya walinuna, na wengine walijitoa kabisa. Lakini fedha ya jenereta iligeuka nauli za kliniki, na kinanda kikabaki. Jumamosi ya mwisho Mama Nesi aliweka mkasi juu ya meza, kando ya lile rundo la fulana. Tukakata msalaba, tukakata utepe, tukakata maandishi. Pamba iliyobaki ilikuwa laini, na ngozi ya mtu aliyelala siku nyingi haitaki kitambaa kigumu. Kipande cha fulana yangu ndicho nilichomfutia mgongo yule mwanamke, mwisho wa Agosti, baada ya mimi na mwenzangu kumgeuza kwa namna tuliyofundishwa kwenye mabenchi. Wiki hiyohiyo alipanda gari kwenda Lindi, nauli ikiwa imefungwa kwenye pindo la kanga yake.

Siku hizi lami imefika mpaka Mchinga bila kukatika, na Mama Salma alichaguliwa kuwa mbunge wa huko mwaka 2020. Vijana bado wanajiandaa kwa safari kama yetu. Kama nawe ni mmoja wao, mtangulize mtu akapige hodi, na kabla ya kuchapa fulana, ulizia nauli ya kwenda kliniki ni kiasi gani.