Beti Nane za Maji

Hakuna mtu ajengaye sura yake peke yake. Mbunge atakaye kurudi bungeni huhitaji wapiga ngoma, wapiga picha, wasoma risala na, katika sehemu zetu hizi za Tanzania, huhitaji mshairi pia. Sisi tumepata kuwa mshairi huyo. Twalisema jambo hili bila fahari.

Wakati huo tulikuwa karani katika ofisi ya halmashauri ya wilaya. Bomba la maji lilikuwa karibu kuzinduliwa katika kijiji kimoja, nasi tukaombwa tutunge shairi la hafla. Tulitunga beti nane za tarbia, na kituo chake kikawa hiki: "Mbunge kaleta maji, na kiu imetutoka." Vina vilikaa sawa, mizani haikupungua wala kuzidi. Watoto wa shule waliliimba vizuri mno. Mheshimiwa akacheza nao, mpiga picha akapiga picha, na mwaka uliofuata picha ile ikatoka katika kalenda iliyotundikwa hata katika vinyozi.

Lakini faili la mradi ule lilikuwa limepita mezani petu. Tulijua kwamba fedha zilitoka katika bajeti ya halmashauri, na kwamba mtaro ulichimbwa na wanakijiji wenyewe kwa msaragambo, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Sehemu ya mbunge ilikuwa kuuliza swali bungeni, kisha kulikumbushia jambo lile katika baraza la madiwani, ambamo naye ni mjumbe. Kazi hiyo si ndogo, na tusimdhulumu mtu: miradi mingi hulala miaka kwa kukosa wa kuiulizia. Ila swali halina jasho la kuonekana, wala halikatiwi utepe. Ndiyo maana likatafutwa neno "kaleta", na aliyelitafuta ni sisi. Silabi moja, "ka", ikawameza watu wote waliochimba.

Wazee wetu walituhadithia juu ya uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja. Wagombea wawili wa jimbo moja walipelekwa na chama katika mikutano ile ile, wakasimama jukwaa moja, wakasema kwa Kiswahili, na walikatazwa kutaja kabila wala dini. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Basi, hata hapo sura ilitafutwa. Mwenye jembe aliuliza nani alaye bila kulima. Mwenye nyumba akajibu kwamba mkulima naye, jua likichwa, hutafuta pa kulala. Hata hivyo cheo hakikumkinga mtu. Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa huko Mwanza. Hatusemi kwamba mfumo ule haukuwa na kasoro, kwa maana wagombea walichujwa na chama kabla mwananchi hajawaona. Twasema tu kwamba gari lilikuwa moja, na hapakuwa na mgombea aliyekwenda mkutanoni na khanga zake.

Vyama vingi viliporudi 1992, khanga zikaja, na kofia, na fulana. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, neno zuri la ukarimu likavishwa kazi nyingine. Mahakama Kuu iliibatilisha takrima hiyo mwaka 2006, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Lakini mwenye kutaka sura huanza mapema, miaka mitano kabla. Angalieni misiba yetu. Mbunge afikapo matangani hukaa jamvini kama watu wengine, na hilo ni jema. Kisha kipaza sauti hutangaza kiasi cha rambirambi yake, na mfiwa hulazimika kuacha kulia ili ashukuru. Kuna kombe la mpira lenye jina lake, kuna jezi, kuna mabati ya zahanati. Mabati hayo huenda yamenunuliwa na Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge mwenyewe. Ni fedha ya umma. Lakini ukimwuliza bibi kizee ni ya nani, atakutajia jina la mtu. Tena siku hizi kipande cha swali la bungeni husambazwa katika simu kabla waziri hajamaliza kujibu. Jibu lenyewe huachwa nje.

Turudi kwenye bomba letu. Mashine ya kusukuma maji iliharibika kabla ya mwaka wa pili kwisha, na akina mama wakarudi kufukua mchanga wa mto. Tulikutana na mmoja wao njiani, mama wa makamo ya mama yetu. Tukamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akatua ndoo yake, akasema, "Mwanangu, yale maji yaliyomo katika shairi lako, tuyateke kwa ndoo gani?" Hakusema kwa hasira. Alitaka jibu, nasi hatukuwa nalo.

Uchaguzi ulipokaribia, katibu wa mheshimiwa alikuja nyumbani na doti mbili za khanga, akitaka shairi jipya. Khanga tulimrudishia, shairi tukampa. Kituo chake kilikuwa: "Mtaro tumeuchimba, naye kauliza swali." Katika ubeti wa mwisho tuliitaja mashine iliyoharibika. Alilisoma akiwa amesimama, akatutazama, akasoma tena. Akauliza kama haiwezekani kupunguza swali na kuongeza maji. Tukamwambia mizani haikubali. Akalikunja, akalitia mfukoni.

Siku ya mkutano tulisimama nyuma kabisa, kama impasavyo mtumishi wa serikali. Watoto wa shule waliletwa mbele. Wakaimba zile beti nane za zamani, zote, bila kukosea hata neno, na kila walipofika kwenye kituo akina mama wenye ndoo walicheka.