Herufi Iliyofutika

Nyuma ya mpini wa kijiko alichotuachia babu kuna mihuri midogo, isiyosomeka mpaka uipeleke dirishani. Herufi za fundi. Nanga, alama ya Birmingham, mji usio na bahari. Simba atembeaye, shahidi kwamba katika kila sehemu 1,000 za kijiko hiki, 925 ni fedha halisi. Kisha, palipokuwa na herufi ya mwaka, pamelainika tu.

Fedha huingia weusi kwa salfa iliyo hewani. Ukiisugua hurudisha mng'ao, lakini kila usuguapo unaondoka na chembe yake. Babu alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja wa mgodi wa dhahabu wa Rosterman, Kakamega, na kuvisugua vijiko vya nyumba ile kulikuwa kazi ya mikono yake. Je, ni yeye aliyeufuta mwaka ule? Au ni mwingine kabla yake, katika jiko la Uingereza, ambaye naye amesahaulika? Kitu chaweza kutunzwa hadi kikaisha?

Simba huyo amegongwa kwenye fedha ya Kiingereza tangu 1544. Karne zote hizo watu wametaka kujua imepimwa wapi na lini. Nami nawaza dhahabu ya Kakamega. Ilipoonekana mwaka 1931, wageni walimiminika na mahema na karai. Sheria ya 1930 ilikuwa imewaahidi wenyeji ardhi yao milele. Desemba 1932 ikarekebishwa, ardhi iweze kutwaliwa kwa ajili ya migodi bila wenyeji kuongezewa nyingine mahali pake. Milele ile ilidumu miaka miwili.

Dhahabu ikaenda, ikayeyushwa, ikachanganyika na ya kwingine. Leo iko katika pete ya nani? Nani atakayeigeuza aone imetoka chini ya mgomba upi, na jembe la nani lilisimamishwa ili ichimbwe?

Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952. Mzungu akaondoka, kijiko kikabaki kwetu. Babu alipewa? Alikitwaa kufidia mshahara? Alikiokota jalalani? Kila alipoulizwa alicheka, akaomba aongezewe chai. Tumemzika na jibu lake. Kicheko chenyewe, siku hizi, sijui kama nakikumbuka au nakitunga.

Shangazi hukisugua kijiko hiki kwa majivu, pamoja na masufuria. Uso wa simba umeanza kupotea. Mara nyingi ulimi umeniwasha nimwambie aache, kisha nikatazama kidole gumba chake kikipita palepale palipolainika, kikienda na kurudi bila haraka, jinsi babu alivyofunzwa na yeye akamfunza. Katika mihuri yote ile hakuna hata mmoja unaomjua babu. Ikiwa aliacha alama yoyote, ni pale pasiposomeka.

Nikimzuia shangazi, nitakuwa nimemhifadhi nani: babu, au mpimaji wa Birmingham?