Kiti cha Mbele

Siku ya Wazazi, muhula uliopita, mimi nikiwa kiranja nilipewa kazi ya kupanga viti. Viti vyenye mito vilikuwa kumi na viwili tu. Wengine wote ilikuwa ni mabenchi ya bwaloni. Babu yangu alikuja kwa basi la alfajiri kutoka Peramiho, akaenda moja kwa moja kuketi mbele. Nami, bila ya kufikiri, nikamwambia mbele za watu: "Babu, hapo ni pa wakubwa." Hakunijibu neno. Alisimama chini ya mwembe mpaka shughuli ikaisha.

Wiki ile ile mwalimu wetu wa historia alitufundisha habari za mitaguso ya Kanisa. Katika Mtaguso wa Basel, mwaka 1434, wajumbe wa mfalme wa Castile waligombea nafasi ya kukaa na wajumbe wa mfalme wa Uingereza. Alonso de Cartagena alitoa hotuba ndefu kuthibitisha kwamba mfalme wake ndiye wa kutangulia. Darasa zima lilicheka. Watu wamekusanyika kulitengeneza Kanisa, kumbe wanagombea benchi! Mwalimu akatwambia tusicheke upesi, maana mjumbe akikubali kukaa nyuma leo, kesho mfalme wake ataambiwa kuwa ndipo mahali pake.

Lakini kilichonigusa zaidi ni habari ya Wahabeshi. Mwaka 1441 watawa wa Kihabeshi waliokuwa wakikaa Yerusalemu walifika katika mtaguso huko Florence, mbele ya Papa Eugenio wa Nne. Wazungu walishikilia kumwita mfalme wa Uhabeshi "Prester John", jina la hadithi zao wenyewe. Wajumbe wale hawakukubali, wakasema mfalme wao anaitwa Zara Yaqob. Wageni, tena wachache, katika mji wa watu! Sanamu za wajumbe hao zimo hata leo katika milango ya shaba ya Kanisa la Mtakatifu Petro, Roma, aliyoimaliza Filarete mwaka 1445.

Nami babu yangu sikumwita hata jina.

Likizo ilipofika nilikwenda Peramiho kumwomba radhi. Nilimkuta uani. Kabla sijamaliza kusema shikamoo aliinuka, akanisogezea kigoda chake, mwenyewe akaketi mkekani.

"Karibu, mkubwa," akasema.

Sikuweza kuketi.